Ali wa Kinshasa hakuwa Ali wa enzi zake

Katika nganda za Manika na Dilala, mabishano ya ngumi huishia mahali pamoja. Mzee mmoja atagonga meza na kusema kwamba Muhammad Ali alifika kileleni mjini Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974, alipomwangusha George Foreman katika raundi ya 8. Vijana hunyamaza kwa heshima. Nani atabishana na mtu ambaye siku zile alikuwa tayari na masikio ya kusikiliza redio?

Abishiwe tu. Mzee huyo amekosea, na kosa lake si la kuchekea, kwa sababu limetoka katika nganda na kuingia katika vyumba vya mazoezi ambamo watoto wa Lualaba wanafundishwa ngumi.

Kolwezi ina haki ya kuzungumzia pigano lile sawa na Kinshasa. Serikali ya Mobutu ilipotoa ahadi ya dola milioni 5 kwa kila bondia, sehemu kubwa ya pesa za kigeni za Zaire ilitoka kwenye shaba, na shaba hiyo ilichimbwa huku. Waliopiga kelele "Ali, boma ye" walikuwa katika Uwanja wa 20 Mei, unaoitwa leo Tata Raphaël, lakini jasho lililolipia sherehe lilimwagika Kolwezi, Likasi na Lubumbashi.

Wala hakuna anayepunguza ukubwa wa usiku ule. Foreman alikuwa na miaka 25. Alikuwa amepigana mara 40 bila kushindwa, na mapigano yake 8 ya mwisho hayakupita raundi ya 2. Joe Frazier alianguka mbele yake mara 6 huko Kingston, Januari 1973. Ken Norton alimalizwa Caracas, Machi 1974. Hao ndio watu wawili pekee waliokuwa wamemshinda Ali mpaka wakati huo. Ali, mwenye miaka 32, alimwangusha mtu aliyewaangusha hao. Huo ni ushindi mkubwa pengine kuliko wote katika uzito wa juu.

Lakini swali la nani alishinda ni moja, na swali la lini bondia alikuwa katika enzi zake ni jingine. Wanaoyachanganya waulizwe jambo moja tu: "Papa, na Foreman wa 1994 je?" Tarehe 5 Novemba 1994, Foreman huyohuyo alimwangusha Michael Moorer katika raundi ya 10 na kuchukua tena mkanda wa dunia akiwa na miaka 45, kichwa kimenyolewa na tumbo likining'inia. Hakuna mtu hata mmoja anayesema huyo ndiye Foreman aliyekuwa bora kuliko wa Kingston. Kila mmoja anaelewa kwamba mzee mwenye akili na ngumi nzito alivizia, akapata. Basi kama mkanda hautoshi kuthibitisha enzi za Foreman, kwa nini utoshe kwa Ali?

Enzi za Ali zina tarehe zake. Zilianza na Sonny Liston, Februari 1964, zikafika juu kabisa kati ya Machi 1966 na Machi 1967. Katika miezi hiyo 12 alipigana mara 7: Chuvalo, Cooper, London, Mildenberger, Williams, Terrell na Folley. Bingwa gani wa leo wa uzito wa juu anapigana mara 7 kwa mwaka? Alitembea na mikono chini, akarudisha kichwa nyuma kidogo tu, na ngumi ya mpinzani ikapita hewani. Novemba 1966, Houston, Cleveland Williams alianguka mara kadhaa ndani ya raundi 3 na karibu hakumgusa. Alipommaliza Zora Folley, tarehe 22 Machi 1967, Ali alikuwa ameshinda mapigano yote 29, na alikuwa na miaka 25. Ni umri uleule wa Foreman usiku wa Kinshasa.

Wako wanaojibu kwamba Williams naye alikuwa amekwisha. Ni kweli: mwaka 1964 alipigwa risasi na polisi huko Texas, akapoteza figo moja. Ndiyo maana pigano moja halitoshi kuhukumu. Lakini Ernie Terrell hakuwa mgonjwa. Kabla ya kukutana na Ali alikuwa na mkanda wake mwenyewe, na Februari 1967 alichezewa raundi zote 15. Kinachotazamwa si jina la aliyeanguka. Kinachotazamwa ni miguu ya aliyesimama, na uso wake pigano linapokwisha.

Baada ya hapo miaka ikaibiwa. Tarehe 28 Aprili 1967 Ali alikataa kuingia jeshini kwa ajili ya vita ya Vietnam, akanyang'anywa leseni na mikanda. Hakupanda ulingoni tena mpaka tarehe 26 Oktoba 1970, Atlanta. Zaidi ya miaka 3 na nusu ilipotea, kutoka miaka 25 hadi 28, ambayo kwa bondia ndiyo miaka ya mavuno. Aliporudi, akili ilikuwa ileile, moyo pengine mkubwa zaidi, lakini miguu haikuwa ileile. Frazier alimwangusha mwaka 1971. Norton alimvunja taya mwaka 1973. Ngumi zilizokuwa zikipita hewani sasa zilifika.

Kinshasa yenyewe ni ushahidi. Kuanzia raundi ya 2 Ali alijiegemeza kwenye kamba, akafunika uso na kumwacha Foreman apige mbavu, mikono na kichwa. Kocha wake, Angelo Dundee, alimpigia kelele atoke kwenye kamba. Ali wa 1967 asingekaa pale. Asingekuwa na sababu. Aliyekaa pale ni mtu aliyejua kwamba miguu haitambeba raundi 15 mbele ya kijana yule, akatafuta njia nyingine, akaipata. Hiyo ni hekima ya mtu aliyepita kilele chake, na inastahili sifa kwa jina hilo.

Watu wa Kolwezi hawahitaji kufundishwa tofauti hii, maana wameiona kwa macho. Katika miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Kwenye karatasi kilikuwa kilele. Chini ya ardhi mashine zilikuwa zimechakaa na matengenezo hayakufanywa. Mwaka 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto ikaporomoka, na kabla ya 1995 kampuni ilikuwa haitoi hata tani 50,000. Aliyesoma hesabu tu alisema kampuni iko katika enzi zake. Aliyeshuka shimoni alijua.

Na Ali naye alilipa. Baada ya Kinshasa alipigana mara 14 zaidi. Manila, mwaka 1975, ilikuwa raundi 14 na Frazier. Mwaka 1977 alibeba raundi 15 za Earnie Shavers, na baada ya pigano hilo daktari wake, Ferdie Pacheco, akaondoka kwa sababu ushauri wa kustaafu haukusikilizwa. Mwaka 1980 Larry Holmes alimpiga mpaka kona yake ikakataa aendelee. Mwaka 1984, akiwa na miaka 42, aliambiwa ana dalili za Parkinson. Madaktari hawakukubaliana kwamba ngumi peke yake ndiyo chanzo. Lakini hakuna daktari anayesema kwamba kupigwa kichwani miaka mingi ni dawa.

Hapa ndipo maneno ya nganda yanapoleta hasara. Mtoto wa miaka 15 anayeambiwa kwamba kilele cha Ali ni Kinshasa anajifunza kwamba ubora wa bondia ni kuvumilia. Kocha anayemwambia "kaa kwenye kamba, funika, mwache achoke" anamfundisha ujanja wa mtu wa miaka 32 aliyekuwa ameshapigana mara 46, tena kabla mtoto huyo hajajua kutembea ulingoni. Katika jimbo ambalo vijana wengi wanabeba magunia ya mawe mchana na kufanya mazoezi jioni, kifua kigumu kinasifiwa haraka kuliko mguu mwepesi. Kijana anayepokea ngumi bila kuanguka anaitwa simba. Hakuna anayehesabu ngumi hizo, na hakuna anayemlipia daktari baadaye.

Kipimo kile kile kibaya kinatumika sasa juu ya Martin Bakole, mtoto wa Kananga. Agosti 2024, Los Angeles, alimsimamisha Jared Anderson katika raundi ya 5, naye Anderson alikuwa hajashindwa. Februari 2025 aliitwa Riyadh siku 2 tu kabla ya pigano, kuziba nafasi ya Daniel Dubois aliyeugua, na Joseph Parker akammaliza katika raundi ya 2. Tangu siku hiyo wako wanaosema Bakole kwisha. Mwanaume aliyepanda ulingoni bila mazoezi, mwili mzito na usingizi wa ndege machoni, hawezi kupimwa usiku huo, kama vile Ali hawezi kupimwa kwa mkanda wa Kinshasa. Mmoja alishinda akiwa amepita kilele, mwingine alishindwa bila kutayarishwa. Matokeo yote mawili hayasemi ukweli wa mwili.

Kipimo cha haki kipo, nacho hakihitaji mtaalamu. Bondia anachagua umbali, au mpinzani ndiye anayemchagulia? Ngumi ngapi safi zinamfikia kwa raundi? Amepigana mara ngapi mwaka huo, na alitayarishwa kwa wiki ngapi? Anayejibu maswali hayo juu ya Ali atasimama Houston na New York, mwaka 1966 na 1967.

Pigano la Houston linapatikana leo kwenye simu ya kijana yeyote. Makocha wa Kolwezi wawaonyeshe wanafunzi wao hilo kwanza, mara 10 kama inabidi, kabla ya kuwaonyesha lile la Kinshasa. Na kijana anayerudi kila jioni na uso uliovimba asipewe sifa. Apewe mapumziko, kisha afundishwe miguu.