"Soon" Ni Siku Gani?

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi niwaulize makarani wenzangu: neno la Kiingereza "soon" ni siku gani? Hapo kale, miaka zaidi ya 1,000 iliyopita, Waingereza walilitamka "sona," na maana yake ilikuwa papo hapo, bila kukawia. Watu walilitumia kwa ahadi walizozichelewesha, hata likalegea likawa baadaye kidogo. "Anon" na "presently" nayo yalianza na maana ya mara moja, yakapatwa na mambo yale yale. Maneno matatu, ugonjwa mmoja! Nasi tuandikao Kiswahili tumelifasiri "hivi karibuni," na ugonjwa tukaupokea pamoja nalo.

Mjane auliza kiinua mgongo cha marehemu mumewe. Twamjibu kwamba atajulishwa hivi karibuni, kisha faili yarudi kabatini. Yeye, kwa kuwa ni mtu mwaminifu, akopa nauli, afunga safari toka Ivuna mpaka bomani juma lifuatalo. Nauli ile ailipe nani?

Wako watakaosema kuwa ndiyo adabu ya barua za Serikali. Si adabu, ni maficho. Kimondo kilianguka hapa Ivuna tarehe 16 Desemba 1938. Vipande vilivyookotwa havikufika hata kilo moja, na wataalamu wa dunia nzima waijua siku yake. Haki ya mjane yashindwaje kupewa tarehe? Mwandikieni, "Utapata jibu kabla ya tarehe 30." Na kama fedha haijafika, mwambieni haijafika.

Ndimi,
Karani, Ivuna