Mtoto Mmoja Asirudishwe

Tulipopata Uhuru mwaka 1961 tulitangaza vita juu ya maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Juma hili twapenda kusema juu ya huyo wa pili, maana ndiye anayeingia nyumbani bila hodi na kuanza na mtoto mchanga.

Adui huyo hushindwa, na ushahidi tunao. Ndui iliwaua wazee wetu wengi, na wengine iliwaacha na makovu usoni au upofu. Leo ndui haipo tena duniani. Mgonjwa wa mwisho aliyeipata kwa njia ya kawaida alionekana Somalia mwaka 1977, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba imekwisha kabisa. Haikwisha kwa bahati. Ilikwisha kwa sababu chanjo ilifuata watu mpaka vijiji vya mwisho.

Surua bado tunayo. Mgonjwa mmoja aweza kuwaambukiza watu 12 hata 18 wasio na kinga. Ndiyo maana yatakiwa watoto 95 katika kila 100 wachanjwe mara mbili, ili ugonjwa ukose njia ya kupita. Hapa Tanzania chanjo ya kwanza ya surua hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, na ya pili akiwa na miezi 18. Wazazi wengi huhudhuria vizuri wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Lakini mtoto akisha kuanza kutembea, kadi hutiwa sandukuni wakidhani kazi imekwisha. Haijakwisha.

Hata hivyo haifai kuwalaumu kina mama peke yao. Yuko mama aliyeacha shamba lake, akambeba mtoto mgongoni tangu alfajiri, na alipofika zahanati akaambiwa: "Rudi siku nyingine, mama, watoto hawajatimia." Sababu yake twaijua. Kichupa cha chanjo ya surua aghalabu ni cha watoto 10, na kikisha kuchanganywa lazima kitumike katika muda wa saa 6, kinachobaki humwagwa. Mwuguzi aogopa kuulizwa juu ya dawa iliyomwagwa, basi amrudisha mtoto.

Sisi twasema wazi: kifunguliwe. Shirika la Afya Duniani lenyewe lashauri kichupa kifunguliwe hata kwa ajili ya mtoto mmoja. Dawa iliyomwagwa yaweza kuagizwa nyingine. Mtoto aliyekufa kwa surua haagizwi mwingine, na mama aliyerudishwa mara mbili huenda asije mara ya tatu. Kwa hiyo twawaomba wakubwa wa afya katika kila wilaya wawaandikie wauguzi wao kwamba hakuna atakayeadhibiwa kwa kumchanja mtoto mmoja. Mwuguzi akiwa na barua hiyo mkononi hatakuwa na hofu.

Tena kliniki si sindano tu. Ile mizani yasema mambo ambayo mama hawezi kuyaona kwa macho. Mstari wa uzito kwenye kadi ukilala au kushuka, mtoto anaumwa au hali vya kutosha, na ni wakati wa kumsaidia kabla hajalala kitandani.

Na akina baba je? Baba ajuaye siku ya mnada lakini hajui siku ya kliniki ya mwanawe, huyo bado hajaingia katika vita hivi.

Ndugu wanachama, jioni ya leo itoeni kadi sandukuni muisome. Ikiwa nafasi ya miezi 18 ni tupu, mpelekeni mtoto. Akirudishwa, msinung'unike nyumbani. Nendeni kwa diwani wenu mkaulize kwa adabu, na mwulize tena mpaka mjibiwe. Chanjo hii hutolewa bure katika vituo vya Serikali, nayo ni haki ya kila mtoto wa nchi hii.