Ng'ombe tunamfungua mdomo, gari je?

KUTOKA MUKENDO
Na Magesa Nyamhanga

Jumamosi iliyopita nilitoka Musoma alfajiri, nikafika Bunda jua likichomoza. Mpwa wangu alikuwa amepata gari alilolitamani tangu akiwa sekondari: Toyota Altezza, giya sita za mkono, namba B, linauzwa na mzee anayeheshimika mtaani kwao. "Mjomba, halijaguswa hata nati," aliniambia kwenye simu. Tukaamkiana na mzee, kisha nikaweka kiganja juu ya boneti. Lilikuwa la moto.

Injini iliyochoka hujificha ikishapata joto. Uchovu wake utauona ikiwa baridi: stata inahangaika kabla injini haijashika, moshi wa bluu unatoka mara tu inapowaka, vyuma vinagongana kabla oili haijapanda. Anayekuwashia gari kabla hujafika amekunyima dakika unayoihitaji kuliko zote, hata kama hakukusudia. Nikaomba nilale Bunda, tuliwashe Jumapili asubuhi, fundi wetu akiwepo.

Mzee akakunja uso. "Mwanangu, kwani huniamini?"

Mpwa wangu akainamisha kichwa, na hapo nikaelewa kwa nini vijana wetu wanauziwa mabovu. Wanaona haya. Kumkagulia mzee gari wanaona ni kumvunjia heshima. Lakini sisi watu wa Mara tumezaliwa kwenye mifugo. Mnadani tunamfungua ng'ombe mdomo tuhesabu meno, tunamtembeza tuone kama anachechemea, tunampapasa kiwele, mwenye ng'ombe kasimama pale pale, na jioni tunakunywa naye soda. Hakuna aliyewahi kununa. Iweje gari la mamilioni tulipokee kwa kuamini tu?

Tena gari lenyewe Altezza. Lilitengenezwa kuanzia 1998 hadi 2005, kwa hiyo hata la mwisho kutoka kiwandani limepita miaka 20. Yalitoka na injini mbili, na hapa wengi wanakosea: wanadhani yenye silinda sita ndiyo kali. La hasha. Ya silinda sita, 1G-FE, ina nguvu za farasi 160 hivi. Ya michezo ni 3S-GE ya silinda nne, ambayo kwenye giya za mkono ilitangazwa kuwa na 210. Kwa hiyo fungua boneti uhesabu silinda, kisha linganisha namba ya injini na ile iliyo kwenye kadi. Zikipishana, usitoe hata shilingi mpaka upewe maelezo. Na mkanda wa taimingi ulizia ulibadilishwa lini. Ukikatika, unaweza kuondoka na valvu.

Jumapili saa kumi na mbili na nusu asubuhi boneti lilikuwa baridi kama jiwe la ziwani. Likawaka kwa shida kidogo, likatoa moshi mwembamba wa bluu, ukapotea. Chini ya kizibo cha oili hapakuwa na ule utando wa rangi ya chai ya maziwa, maana yake maji hayajaingia kwenye oili. Tukaliendesha mpaka Makutano, tukapanda Butiama. Wakati wa kurudi, mteremkoni, nikamwambia mpwa wangu aachie mafuta kwa muda kisha akanyage, mimi nikitazama nyuma. Moshi ule ule.

Tuliporudi Bunda fundi akang'oa plagi zote nne, injini ikiwa na joto, akakata mafuta, akafunga geji ya kupima kompresheni. Mpwa wangu akakanyaga mafuta mpaka mwisho huku akipiga stata. Silinda ya kwanza 170, ya pili 168, ya tatu 172. Ya nne 120.

Mzee alitaka kujua kitabu kinasemaje. Fundi akamjibu vizuri sana: huku kwetu kitabu kisikutishe. Ziwa letu liko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na injini nzima kabisa itasoma pungufu ya ile ya Dar es Salaam kwa zaidi ya asilimia 10. Unachotazama ni silinda zenyewe kwa zenyewe. Tatu zimekubaliana, moja imejitenga.

Akamimina kijiko kimoja cha oili kwenye tundu la nne, akapima tena. Sindano ikapanda hadi 155. Oili imeziba pengo kwenye ukuta wa silinda, maana yake zilizochoka ni ringi. Ingekuwa valvu, sindano isingesogea.

Mzee alikuwa ameinama juu ya injini muda wote huo, mikono nyuma. Gari amelimiliki miaka saba na hajawahi kuona geji hiyo ikifungwa. Akamgeukia fundi, si sisi.

"Hiyo ya nne, kuifungua na kuweka ringi ni shilingi ngapi? Niambie, nimpunguzie kijana."