Beba Nati Mfukoni Kabla ya Kulipia Spana

Wiki nyingi hapa tunaongea kuhusu PIN, till na pesa iliyotumwa kwa namba isiyo yake. Leo turuhusu tuongee kuhusu spana. Hatujaacha kazi. Ni kwamba pesa tuliyoipoteza kijinga zaidi mwaka huu ilitoka kwa simu zetu wenyewe ikienda kununua spana, na tunajua hatuko pekee yetu.

Sisi ndugu wawili tuliachiwa na babu pikipiki ya BSA Bantam, cc 125, ya Kiingereza. Ilikuwa imelala kwa stoo ya mahindi miaka mingi kuliko umri wetu. Bantam si pikipiki ya mbwembwe. BSA walianza kuiunda 1948 wakifuata muundo wa DKW ya Ujerumani, muundo ambao Uingereza iliupata kama fidia ya vita. Injini ni ndogo na haina mambo mengi, mtu yeyote mwenye subira anaweza kuifungua, mradi awe na spana zake.

Tulianza kama kila mtu. Tukanunua seti ya milimita kwenye kisanduku cha plastiki, shilingi 1,800, vipande vingi hadi unajiona fundi. Nati ya kwanza, moja ya zile zinazoshikilia injini, spana ya 13 ikakataa kuingia. Ya 14 ikaingia karibu sawasawa. Hapo kwa “karibu” ndipo tulipochomeka. Tulivuta mara moja, spana ikateleza, kona za nati zikalika ikabaki mviringo kama sarafu. Kupata nati nyingine kama hiyo Nairobi si mchezo.

Sababu tulikuja kuijua baadaye. Pikipiki za Uingereza za wakati ule hazikufungwa kwa milimita. Zilifuata vipimo vya Whitworth, mhandisi Mwingereza aliyependekeza mfumo wake mwaka 1841. Spana ya Whitworth haiandikwi upana wa mdomo, inaandikwa unene wa boliti. Kwa hivyo spana iliyoandikwa 1/4 W ina mdomo wa kama milimita 13.3, na hiyo ndiyo nati yetu ilikuwa inangoja. 13 ni ndogo, 14 ni kubwa, na ile ya nusu inchi ni milimita 12.7, nayo haiingii. Usitafute ujanja. Ukiona W, BS au BSF imepigwa kwenye chuma, simama hapo uangalie vizuri.

Mtu atasema, si mpeleke kwa fundi? Tulimpeleka. Fundi wa boda wa mtaani kwetu ni mkali, Boxer anaifungua macho yamefungwa, lakini spana zake ni 10, 12, 14 na 17 kwa sababu ndizo kazi yake inataka. Alipokwama alichukua patasi na nyundo. Tukamwambia asante, tukasukuma pikipiki hadi nyumbani. (Kuna ile spana ya kukaza na kulegeza mdomo, ambayo mafundi wameipa jina tusiloweza kuandika kwenye ukurasa wa kampuni. Hiyo nayo iweke mbali na nati ya zamani.)

Sasa ile pesa. Tuliona tangazo mtandaoni: seti nzima ya Whitworth, picha safi, shilingi 4,500, “lipa kwanza nikutumie leo.” Namba ilikuwa ya mtu binafsi. Jina lililotokea halikufanana hata kidogo na jina la duka kwenye tangazo. Tukaliona, na bado tukaendelea kubonyeza. Sisi, ambao kila wiki tunawaambia msome jina kabla ya kuthibitisha! Ilipofika jioni simu ilikuwa haipatikani.

Msimamo wetu leo ni kwamba seti nzima haina haja. Bantam haikudai vipande ishirini. Tulihesabu nati zote tunazofungua mara kwa mara, nyingi zikaishia kwa spana nne: 3/16, 1/4, 5/16 na 3/8, zote za Whitworth. Nne nzuri za mtumba ni bora kuliko seti inayong'aa ambayo chuma chake kinapinda. Na mtumba upo. Nchi hii ilitumia mashine nyingi za Uingereza, na Land Rover za mwanzo zilikuwa na nati za BSF, kwa hivyo spana hizo zimelala kwenye masanduku ya mafundi wazee na kwenye mafungu ya vyuma Gikomba. Muuzaji mara nyingi hajui ni nini. Anaiweka pamoja na zingine, mnaelewana bei.

Ndiyo maana tunasema beba nati. Fungua moja nzima kwenye pikipiki, itie mfukoni, na pale sokoni ingiza spana kwenye nati kabla hujatoa simu. Ikicheza, rudisha. Ikikaa bila kuyumba, angalia mdomo haujapanuka wala haujachongwa na tupa, halafu ulipe ukiwa umesimama palepale, usome jina, muuzaji naye aone ujumbe umeingia. Ya kwanza tulilipa shilingi 250. Ikafungua nati ya pili bila kelele yoyote. Ile iliyolika ilibidi ikatwe.

Wenye Honda na Yamaha za zamani msicheke. Nati zenu ni za milimita, sawa, lakini zile skurubu za msalaba kwenye mfuniko wa injini ni za kipimo cha Japani, JIS, na bisibisi ya kawaida ya Phillips haikai hadi chini. Inapanda, inakula msalaba, unabaki na shimo. Tafuta bisibisi ya JIS, na kwa skurubu iliyoganda tafuta ile ya kugongwa na nyundo, inayozunguka yenyewe ikipigwa.

Kwetu kumebaki klachi. Ya Bantam inataka kifaa cha kubana springi ndipo ile ringi kubwa itoke, na hicho hatujakiona kwa fungu lolote. Tumechora, tumepima mara tatu, tumempelekea fundi mmoja wa jua kali. Alitaka 1,200 yote mbele, tukakubaliana 400 ya chuma na iliyobaki tukishakijaribu kwenye klachi yenyewe. Amesema Jumamosi.