Pochi ya sarafu mtandao ipimwe kwanza kama mizani ya pamba

KIJANA mmoja mkazi wa Ngokolo, hapa Shinyanga mjini, alinifuata hivi karibuni akiwa na kompyuta kwapani. Baada ya shikamoo alinieleza kuwa yeye na wenzake wawili wamemaliza kutengeneza pochi ya mtandaoni ya kutunzia na kutumia sarafu mtandao, kama vile Bitcoin. Kilichobaki, alisema, ni kuifungua kwa umma ili watu waijaribu. Aliniomba nimsaidie kuwashawishi wafanyabiashara wa soko na wakulima ninaofahamiana nao waweke fedha kidogo, "hata elfu ishirini tu, mzee", ili aone kama mfumo wake unafanya kazi.

Nilimpongeza kwa dhati. Vijana wetu wengi wanaishia kutumia vitu vilivyotengenezwa na wengine, huyu ametengeneza chake. Hata hivyo, ombi lake nililikataa. Naandika leo kueleza sababu, kwa kuwa naamini hatakuwa wa mwisho kuja na pochi ya namna hii, na msomaji wa ukurasa huu ndiye atakayeombwa atoe fedha za kuijaribia.

Tuanze na kitu ambacho kila mkulima wa pamba wa Shinyanga anakijua, yaani mizani. Wakala wa Vipimo hukagua mizani ya vituo vya kununulia pamba kwa kutumia mawe ambayo uzito wake unajulikana. Jiwe la kilo 20 likisoma kilo 18, mizani hiyo haifai na pamba haipimwi hapo. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayesema leteni pamba yenu kwanza, ubovu wa mizani tutaujua mkulima akishapunjwa. Lakini hicho ndicho alichokuwa anakiomba kijana wangu, bila yeye mwenyewe kujua.

Ili tuelewane, tuone kwanza pochi hii ni kitu gani. Ndani yake hamna sarafu. Kumbukumbu za nani ana kiasi gani zimo kwenye daftari la pamoja linalotunzwa na kompyuta nyingi duniani. Pochi inatunza ufunguo wa siri tu, na anayeushika ufunguo huo ndiye anayeweza kuhamisha fedha. Pochi ya mtandaoni ni ile inayofunguliwa kupitia tovuti, bila kulazimika kuweka programu kwenye simu.

Zipo za aina mbili. Ya kwanza ni ile ambayo mwenye tovuti ndiye anayekushikia ufunguo, sawa na kumwachia mwenye duka akiba yako. Ya pili ni ile ambayo ufunguo unao wewe mwenyewe, sawa na kufungia fedha kwenye sanduku la chuma nyumbani. Kila aina ina namna yake ya kukuumiza, na historia imeshatuonyesha.

Mwaka 2013 pochi ya mtandaoni iliyoitwa Inputs.io, ambayo ilikuwa inawashikia watu funguo, iliibiwa Bitcoin zipatazo 4,100, ambazo wakati ule zilikuwa na thamani ya zaidi ya dola milioni moja za Marekani. Kwa maelezo ya mwendeshaji wake, wezi walipitia anwani za zamani za barua pepe, wakabadilisha neno la siri la huko tovuti ilikohifadhiwa, wakaingia. Wateja hawakukosea chochote, kosa lao ni kuweka fedha pale.

Desemba 2014 ikafuata zamu ya Blockchain.info, pochi iliyokuwa na watumiaji wengi kuliko nyingi za wakati huo. Marekebisho ya programu yaliyofanywa usiku mmoja yaliingiza kasoro iliyofanya funguo za baadhi ya wateja ziweze kukisiwa. Kasoro hiyo ilidumu saa chache tu, lakini zilitosha. Bahati nzuri, mtaalamu mmoja aliyeiona aliwahi kuchukua zaidi ya Bitcoin 250 kabla ya wezi, akazirudisha. Mkulima wa Kishapu hawezi kujenga maisha yake juu ya bahati ya namna hiyo.

Tukio la tatu ni la Aprili 2018 na linaihusu MyEtherWallet, pochi ambayo ufunguo anao mteja. Wezi hawakugusa programu yenyewe. Walichepusha njia ya intaneti kwa muda wa kama saa mbili, hivyo waliodhani wanafungua tovuti yao wakapelekwa kwenye tovuti ya bandia inayofanana nayo. Ziliibiwa fedha za thamani ya kama dola 150,000. Na hapa ndipo pa kujifunza, kwa sababu kompyuta za wateja zilitoa onyo kwamba tovuti hiyo si ya kuaminika. Waliobonyeza kuendelea ndio walioibiwa.

Nilimuuliza kijana: onyo la namna hiyo likitokea kwa Kiingereza kwenye simu ya mama anayeuza mchele hapa Ngokolo, atafanya nini? Akakaa kimya, kisha akasema, "Atabonyeza aendelee, mzee." Nikamwambia hicho ndicho kipimo cha kwanza cha pochi yake, na bado hajakipima.

Sasa basi, mawe ya kupimia mizani hii yapo? Yapo, tena ni bure. Bitcoin ina mtandao wake wa majaribio ulioanza mwaka 2010, ambao sarafu zake zimekusudiwa zisiwe na thamani yoyote. Unaweza kutuma, kupokea, kukosea na kupoteza bila mtu kulia. Waliowahi kuanza kuuziana sarafu hizo za majaribio kwa fedha halisi walisababisha mtandao huo uanzishwe upya, ili sarafu zibaki kuwa za kujifunzia. Kwa hiyo mtengenezaji yeyote anayetaka fedha halisi za wananchi siku ya kwanza ya majaribio hana udhuru.

Msomaji anaweza kusema kuwa haya ni mambo ya wazungu. Hapana. Mfano bora wa majaribio tunao jirani. M-Pesa haikuanza kwa matangazo ya barabarani. Oktoba 2005 ilianza kujaribiwa nchini Kenya, jijini Nairobi na Thika, kwa wateja wasiofika 500. Shabaha ilikuwa ni kuwawezesha wateja wa Faulu Kenya, taasisi ya mikopo midogo, kulipa marejesho kwa simu. Majaribio yalionyesha kitu tofauti. Watu walianza kutumiana fedha wao kwa wao, na wengine waliweka fedha kwa wakala kabla ya safari wakazitoa walikofika, ili wasiporwe njiani. Wahusika walisikiliza, wakabadilisha mpango, na huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007 kazi yake kubwa ilikuwa kutuma fedha. Mwaka uliofuata, 2008, ikaingia Tanzania, na sisi tuliokuwa tunamkabidhi dereva wa basi bahasha ya ada ya mtoto tukaachana na hiyo adha.

Yaani mwaka mmoja na zaidi wa kupima, kwa watu wachache wanaojulikana, na wapimaji wakikaa nao na kuwasikiliza. Kijana wangu alikuwa amepanga wiki mbili.

Yafuatayo ndiyo niliyomshauri ayapime hapahapa Ngokolo kabla hajaita umma.

Kwanza ni kupotea kwa simu. Pochi nyingi ambazo ufunguo anao mteja humpa maneno 12 ya kuandika pembeni, ambayo ndiyo njia pekee ya kurudisha fedha simu ikiibiwa. Maneno hayo huchukuliwa kwenye orodha ya maneno 2,048. Ipo orodha ya Kiingereza, Kifaransa, Kireno, Kijapani na nyinginezo, lakini katika orodha rasmi Kiswahili hakimo. Mkulima anaambiwa anakili maneno 12 ya Kiingereza bila kukosea mpangilio, ayafiche mahali ambapo mchwa, moto na shemeji hawatayafikia, na asimwonyeshe mtu yeyote. Basi wachukuliwe watu 20, wapewe maneno hayo pamoja na sarafu za majaribio, na baada ya miezi miwili waambiwe simu zao zimepotea. Wangapi watarudisha salio lao? Jibu la swali hilo lina thamani kuliko sifa zote za pochi.

Pili ni kukosea mpokeaji. Kwenye fedha za simu tumezoea kuona jina la mtu kabla ya kuthibitisha, na ukikosea unawahi kumpigia mtoa huduma. Kwenye sarafu mtandao unaona mlolongo mrefu wa herufi na tarakimu, na ukishatuma hakuna wa kumpigia. Pochi inayomlenga mfanyabiashara mdogo ni lazima imsaidie asifike huko.

Tatu ni makato. Kwenye mtandao wa Bitcoin ada haifuati ukubwa wa fedha unayotuma. Anayetuma elfu ishirini na anayetuma milioni mia wanagombea nafasi ileile kwenye daftari. Tarehe 20 Aprili 2024 wastani wa ada kwa muamala mmoja ulizidi dola 100, yaani zaidi ya Sh250,000 kwa thamani ya wakati ule. Kwa mwenye gunia moja la dengu huo si muamala, ni hasara. Zipo njia za bei nafuu zaidi, lakini mjaribu aelezwe ni njia ipi inatumika na itamgharimu kiasi gani.

Nne ni simu yenyewe. Pochi ya mtandaoni inataka simu ya kisasa na bando, wakati wengi wetu vijijini tuna kiswaswadu. Mwaka 2022 huko Afrika Kusini ilianzishwa huduma ya Machankura inayowezesha kutumia Bitcoin kwa kubonyeza namba kwenye simu ya kawaida, kama tunavyofanya kwenye fedha za simu. Inawezekana, basi. Ila ilipoanza, huduma hiyo ndiyo iliyokuwa inawashikia watu funguo, na tumeshaona hatari ya njia hiyo.

Upo pia upande wa sheria, ambao hauwezi kurukwa. Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kuwa sarafu mtandao hazitambuliki kisheria na kwamba fedha halali nchini ni shilingi. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Mwanza, aliitaka Benki Kuu ijiandae kwa mabadiliko haya. Mwaka 2023 zikatoka kanuni za kuruhusu teknolojia mpya za fedha kujaribiwa chini ya uangalizi wa Benki Kuu, na Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali. Kwa mtazamo wangu, kutozwa kodi si sawa na kulindwa. Fedha yako ikipotea kwenye pochi ya namna hii, usitegemee kulipwa fidia. Vijana wenye nia njema waende kubisha hodi Benki Kuu mapema, wasisubiri kuitwa. Vilevile wakumbuke kuwa orodha ya majina na namba za simu za wajaribu wao inalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Wapo watakaosema nawakatisha tamaa vijana. Nawajibu kwa neno moja: DECI. Mwaka 2009 serikali iliposimamisha upatu ule, Watanzania wengi walikuwa wameshapanda "mbegu" zao humo wakisubiri mavuno yasiyokuja. Pochi si upatu, na ni vizuri tutofautishe. Lakini matapeli hupenda kuvaa nguo za kitu kipya, na pochi halali ikipoteza fedha za watu sokoni leo, kesho hakuna atakayemsikiliza kijana mwingine mwenye kitu cha maana. Majaribio mabaya yanamuumiza mtengenezaji kama yanavyomuumiza mteja.

Nawe msomaji, ukiombwa kujaribu pochi ya sarafu mtandao, uliza maswali matatu kabla hujagusa simu. Je, sarafu za kujaribia ni za bure au ni fedha yangu? Je, ufunguo ataushika nani, na simu yangu ikipotea nitarudishaje salio? Je, nyie ni akina nani, ofisi iko wapi, na nani amewakagua? Ukijibiwa kwa kuahidiwa faida, aga uondoke. Na hata ukijibiwa vizuri, kumbuka kuwa Bitcoin moja iliyokaribia dola 69,000 Novemba 2021 ilishuka chini ya dola 17,000 Novemba 2022. Fedha ya mbegu, ya ada au ya mtaji wa duka haina nafasi humo.

Kijana wangu aliondoka akiwa amenuna kidogo. Wiki iliyofuata alirudi. Alinieleza kuwa wamefunga sehemu ya kuweka fedha halisi, wanatafsiri maonyo yote kwa Kiswahili, na wanatafuta watu 20 wa kuanza nao kwa sarafu za majaribio. Safari hii nilimkubalia, nikamwambia jina langu aliandike la kwanza. Mawe ya mizani yakisoma sawasawa, pamba tutaileta wenyewe.