Manowari Zina Majina, Wapagazi Hawana

Kila mwaka wa masomo, katika kipindi cha kwanza, huwauliza wanafunzi wangu maswali mawili. La kwanza: nani aliyeongoza jeshi la Wajerumani katika nchi hii wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia? Mikono huinuka, na jina la Paul von Lettow-Vorbeck hutajwa kwa matamshi ya kila namna. La pili: taja jina la mpagazi mmoja tu aliyebeba mizigo ya vita hivyo. Darasa hunyamaza. Nami nalazimika kukiri kwamba hata mimi, pamoja na shahada yangu ya uzamivu, nilimaliza masomo yangu yote bila kufundishwa jina la hata mmoja wao.

Wengi wa wanafunzi hao hupanda na kushuka daladala Kariakoo. Hununua madaftari, viatu na simu katika eneo ambalo jina lake lote ni kumbukumbu ya wapagazi hao. Baada ya Waingereza kuiteka Dar es Salaam, Septemba 1916, eneo hilo lilifanywa kambi ya kikosi cha wapagazi kilichoitwa Carrier Corps. Wenyeji walilitamka jina hilo kama walivyolisikia, likawa Kariakoo. Nairobi nayo ina Kariokor yake, kwa asili hiyo hiyo.

Nasema wazi tangu mwanzo: tumekubali kuandikiwa historia ya vita vya majini kana kwamba ni historia ya meli na makapteni wake. Meli zimetunzwa majina, tarehe za kuzaliwa na tarehe za kuzama. Binadamu waliozihudumia, wengi wao wakiwa babu zetu, wamebaki kuwa nguvukazi isiyo na sura. Uzembe huo ni wetu pia, na bado unatugharimu.

Hakuna anayekataa kwamba manowari ziliiumba nchi hii. Neno lenyewe tumelipata kutoka kwa mabaharia wa Kiingereza, na tulijifunza maana yake kwa mizinga. Agosti 1885 manowari za Ujerumani zilitia nanga mbele ya kasri la Sultani Barghash, Unguja, hadi akayakubali madai ya Wajerumani huku bara. Mwaka uliofuata Uingereza na Ujerumani zikagawana maeneo, Sultani akaachiwa ukanda wa pwani wa maili 10. Mwishoni mwa 1888, watu wa Pangani na Bagamoyo walipoinuka pamoja na Abushiri bin Salim, manowari za mataifa hayo mawili ziliifunga pwani nzima. Na Agosti 27, 1896, Waingereza walilipiga mizinga kasri la Unguja kwa muda usiofika saa moja, wakaizamisha Glasgow, meli ya Sultani iliyothubutu kujibu. Upande wa kasri, waliouawa na kujeruhiwa wanakadiriwa kufikia 500. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Hata katika simulizi ya siku hiyo, ni rahisi zaidi kupata habari za jeraha la mmoja yule kuliko za vifo vya wale mamia.

Ikaja vita ya 1914. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilikuwa imeingia Dar es Salaam mwezi Juni mwaka huo, na wenyeji wakaiita manowari ya bomba tatu. Alfajiri ya Septemba 20 iliivamia Pegasus ya Waingereza ikiwa imesimama Unguja kwa matengenezo, ikaiangamiza. Baadhi ya mabaharia wa Pegasus wamezikwa katika kisiwa cha Chapwani, karibu na Mji Mkongwe, na makaburi yao yapo hadi leo. Königsberg ikakimbilia delta ya Rufiji na kujificha humo kwa miezi kadhaa, mpaka Julai 11, 1915, ilipopigwa na kuzamishwa.

Vitabu vingi hufunga sura hapo, na hapo ndipo sura yetu inapoanza. Wajerumani waliing'oa mizinga yote 10 ya meli ile, yenye kipenyo cha milimita 105, wakaipeleka Dar es Salaam kutengenezwa katika karakana za reli, ikawekewa magurudumu na kusambazwa kwenye medani za bara. Mzinga mmoja ulizidi tani moja. Ulitokaje kwenye tope la Rufiji? Uliburutwa na watu, mamia kwa mamia, kwa kamba na mabega. Vivyo hivyo mwaka 1916, meli ya Kijerumani Marie ilipopenya na kushusha silaha katika ghuba ya Sudi, karibu na Lindi, shehena yake iliondoka pwani vichwani mwa watu. Leo mzinga mmoja wa Königsberg unaonyeshwa Fort Jesus, Mombasa, kando ya mzinga wa Pegasus; mwingine uko Pretoria. Mtalii anaweza kuzisoma habari za mzinga huo akiwa amesimama kivulini. Habari za waliouburuta hazipo popote.

Tazama pia Liemba, meli tunayojivunia kwa haki. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande na kupakiwa katika makasha yapatayo 5,000. Makasha yaliteremshwa Dar es Salaam, yakapelekwa Kigoma kwa reli, na meli ikaunganishwa huko na kushushwa ziwani Februari 1915. Mafundi watatu wa Kijerumani waliosimamia kazi hiyo tunawajua: Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Waafrika na Wahindi waliokuwa wakipiga ribiti chini yao wametajwa kwa idadi tu. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha kwa makusudi, mitambo ikiwa imepakwa grisi nzito. Waingereza wakaiibua, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Ndiyo meli iliyowavusha maelfu ya wakimbizi wa Kongo mwaka 1997 na wa Burundi mwaka 2015. Meli hiyo imeandikiwa vitabu, na hadithi iliyotokana na vita vya ziwa hilo imetengenezewa filamu huko Hollywood. Watoto wa waliopiga ribiti hawajui kama wana sehemu katika hadithi hiyo.

Sasa tuwarudie watu wa kambi ya Kariakoo. Wanahistoria wanakadiria kwamba upande wa Waingereza peke yake ulitumia wapagazi wapatao milioni moja katika vita vya Afrika Mashariki, kutoka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland, Kongo na kwingineko. Wengi walikamatwa kwa nguvu vijijini. Waliokufa kwa risasi walikuwa wachache kuliko waliouawa na kuhara damu, malaria, nimonia na njaa. Mtu aliyelelewa kwa ndizi au wali alipewa unga wa mahindi usioiva sawasawa, tumbo likamshinda, akabebeshwa mzigo hivyo hivyo hadi akaanguka. Nyuma yao, chakula na mifugo iliyochukuliwa na majeshi iliiacha Ugogo katika njaa ambayo Wagogo waliipa jina la Mtunya.

Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, hasa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza, Ben Wallace, aliomba radhi bungeni mwake. Aliyekosa aliomba radhi baada ya karne nzima. Mimi naishi katika mji ulioibeba kambi yao, na sikusikia mjadala wowote wa maana hapa kwetu. Julai ya mwaka huo huo Soko Kuu la Kariakoo, jengo la mbunifu wetu Beda Amuli, liliungua. Tukajadili, na ilikuwa haki kujadili, hasara, bima na ujenzi mpya. Hakuna aliyeuliza kama mahali pale panastahili walau kibao kinachoeleza jina lake.

Najua nitajibiwa kwamba tunayo Sanamu ya Askari. Ni kweli, ipo Barabara ya Samora tangu 1927. Lakini isogelee uitazame. Aliyesimama juu ni askari mwenye bunduki, singe ikielekea bandarini. Nairobi, katika sanamu za mchongaji huyo huyo, mpagazi amepewa angalau umbo lake. Dar es Salaam amepewa maneno kwenye kitako, yanayosema kwamba wapagazi walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Aliyeyatunga kwa Kiingereza ni Rudyard Kipling. Ni sifa inayomwondolea mtu kichwa. Mkono hauna jina wala mjane wa kudai fidia.

Wapo watakaosema kwamba wapagazi walitumikia vita ya wakoloni, hivyo Taifa huru halina deni kwao. Hoja hii huvaa vazi la uzalendo, lakini kwa undani ni ukatili. Mtu aliyetolewa shambani kwa kamba shingoni hakuchagua upande. Tena, tunamkumbuka askari wa vita hiyo hiyo kwa sanamu ya shaba katikati ya jiji. Kwa kanuni ipi tunamnyima mbeba mzigo? Wengine watasema jina la Kariakoo lenyewe linatosha. Jina lisiloeleweka na wanaolitamka kila siku halimkumbushi mtu chochote. Wengine, hasa katika ofisi za umma, watasema hatuna fedha za kumbukumbu, tuna maendeleo ya kusukuma. Kwa hao ninalo jibu refu kidogo.

Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza. Abiria wa madaraja ya juu walikuwa kwenye orodha. Wa daraja la tatu, waliojazana chini, hawakuwa na orodha, na kwa sababu hiyo hadi leo tunazungumza kwa makadirio, mamia kadhaa au karibu elfu moja. Septemba 2011 ikazama Spice Islander katika mkondo wa Zanzibar, ikiwa imebeba watu wengi mno kuliko uwezo wake, na idadi kamili ikabishaniwa. Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, chenye uwezo wa kubeba watu 101, kilipinduka Ukara na kuua watu zaidi ya 220. Mara zote swali la kwanza la ndugu lilikuwa lile lile: nani alikuwamo? Mara zote Serikali haikuwa na karatasi ya kutosha kujibu.

Sisemi kwamba kusahau wapagazi wa 1916 kulizamisha MV Bukoba. Nasema mazoea ni yale yale. Nchi iliyozoea kuwahesabu watu wa chini kwa makadirio haioni haraka ya kuwaandika majina wakiwa hai. Maofisa wa meli huorodheshwa, abiria wa daraja la kwanza huorodheshwa, na wa chini huitwa wengineo. Urithi huu tuliupokea kutoka kwa mkoloni, na tumeuendeleza wenyewe kwa miaka zaidi ya 60.

Nenda Kariakoo alfajiri, Mtaa wa Kongo au Mtaa wa Swahili. Utawaona wanaume wakibeba marobota ya vitambaa vichwani, wengine wakisukuma maguta yaliyopandishwa mizigo kuliko kimo chao, wakipiga mluzi ili wapishwe njia. Biashara ya sehemu kubwa ya nchi, na ya majirani zetu hadi Kongo na Zambia, hupita kwenye shingo zao. Waulize wangapi wana mkataba. Waulize nani hulipia matibabu mtu akiteguka uti wa mgongo. Watakucheka kwa upole, kama mtu anayemcheka mgeni. Zaidi ya karne moja baada ya kambi ile, mbeba mzigo wa Kariakoo bado ni mkono na mguu.

Kwa hiyo nataka mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili.

Kwanza, kwenye soko lililojengwa upya pawekwe kibao kikubwa cha Kiswahili kinachoeleza Kariakoo ni nini na walikuwa akina nani. Pili, vyuo vikuu vyetu, pamoja na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, vianze kazi ya kukusanya majina ya wapagazi kutoka nyaraka, misikiti, misheni na koo, kabla wajukuu waliosikia simulizi hizo hawajatutoka. Wanafunzi wa historia wanaotafuta mada za tasnifu wasiniambie tena kwamba mada zimekwisha. Tatu, Siku ya Mashujaa, Julai 25, wapagazi watajwe kwa jina la kikosi chao, palepale wanapotajwa askari. Nne, na hili ndilo zito: wabeba mizigo wa Kariakoo waandikishwe na kuingizwa katika bima ya afya na hifadhi ya jamii, kwa utaratibu ambao wao wenyewe watashirikishwa kuupanga. Na hakuna chombo kiondoke gatini, ziwani au baharini, kabla jina la kila aliyemo, hadi wa sitaha ya chini kabisa, halijaandikwa na nakala yake kuachwa nchi kavu.

Mwakani nitawauliza wanafunzi wangu maswali yale yale mawili. Natamani nipate hata mkono mmoja kwa lile la pili.

Naomba kutoa hoja.