Anayehamia Tumpime kwa Kipimo Gani?

Nimepotea kidogo, si mnajua tena mambo ya kazi za vikundi ambapo kikundi chenyewe ni wewe peke yako... Leo nimeamka na deni. Jana usiku chumbani kwetu kulikuwa na ubishi mpaka saa nane, na mimi nikaishiwa sauti kabla sijaishiwa hoja. Sasa namalizia hapa.

Ubishi wenyewe ulikuwa wa ule mpira wa Wamarekani, wa yai. Mshikaji wangu wa chumba ameambukizwa na binamu yake aliyeko kule, halafu akaniambukiza na mimi. Tena hatufuatilii ligi ya kulipwa, tunafuatilia ya vyuo, kwa sababu wachezaji ni wanafunzi kama sisi, wana mitihani na mabweni kama sisi (ingawa chakula chao nina hakika si kama cha kwetu). Basi jana jamaa akawa anapitia majina ya waliohama vyuo. Kafika kwa mmoja, akasonya. "Huyu chuo cha tatu hiki. Hana tabia huyu. Ningekuwa kocha nisingemgusa." Nikamuuliza, umejuaje hana tabia? Akanijibu, "Si anahamahama!"

Jamani. Hapo ndipo vita ilipoanza.

Kwanza niwaeleze wale mliozoea usajili wa Simba na Yanga. Kule chuo hakimnunui mchezaji kutoka chuo kingine kama klabu zetu zinavyofanya. Mchezaji anahama mwenyewe, kama mwanafunzi anayehama chuo. Zamani akihama kati ya vyuo vikubwa alitakiwa kukaa nje mwaka mzima bila kucheza, labda kama alikuwa na ruhusa maalumu au ameshamaliza digrii yake ya kwanza. Oktoba 2018 chama chao cha michezo ya vyuo, NCAA, kikaanzisha potali: mchezaji anaingiza jina lake, na vyuo vingine vinaruhusiwa kumpigia simu. Mwaka 2021 wakaruhusiwa kuhama mara moja bila kukaa nje, na mwaka huohuo, Julai, wakaruhusiwa kuingiza hela kwa majina na sura zao. Mwaka 2024 wakafungua geti kabisa: hama mara nyingi unavyotaka, ilimradi masomo yako yako sawa. Kuanzia Julai 2025 vyuo vyenyewe vinawalipa wachezaji, na kikomo cha mwaka wa kwanza kiliwekwa dola milioni 20.5 kwa chuo kwa michezo yake yote. Dirisha la mwaka 2026 lilikuwa tarehe 2 mpaka 16 Januari. Yaani kocha ana wiki mbili hivi, na hela nyingi mezani, kumpima kijana wa miaka 20 na kuamua.

Makocha wanasema wanapima vitu vitatu: kipaji, kuendana na timu, na tabia. Mimi nasema cha kwanza wanakiamini kupita kiasi, cha pili wanakisahau, na cha tatu wanakipima vibaya kuliko vyote. Na hicho cha tatu ndicho kinachoumiza watu.

Tuanze na kipaji. Kila mtu anadhani ni rahisi, angalia video, angalia namba. Haya, muangalie Joe Burrow. Alikaa Ohio State miaka mitatu, anacheza kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira. Kwenye mechi zote za kule alirusha mara 39 tu. Ungempima kwa namba ungesema huyu hamna kitu. Mwaka 2018 akahamia LSU, msimu wa kwanza ukawa wa kawaida. Msimu wa 2019 akarusha mipira 60 ya kufunga, timu ikashinda mechi 15 bila kupoteza hata moja, ikabeba ubingwa, na yeye akachukua tuzo ya Heisman, ile ya mchezaji bora wa vyuo vyote. Namba zake za Ohio State hazikupima kipaji chake. Zilipima nafasi aliyopewa. Sisi walimu watarajiwa tunafundishwa hili darasani: kabla hujamlaumu mwanafunzi kwa maksi, uliza kwanza mtihani umepima nini. Jared Verse naye alitokea Albany, chuo cha daraja la chini yake, akahamia Florida State mwaka 2022. Mwaka 2024 akachaguliwa raundi ya kwanza kwenda ligi ya kulipwa, na msimu uleule akawa mchezaji bora wa ulinzi miongoni mwa wageni wote. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Sasa kuendana na timu. Hapa nina mifano miwili inayotazamana kama pande mbili za shilingi.

Indiana walikuwa vibonde. Mwaka 2023 walishinda mechi 3, wakapoteza 9. Wakamleta kocha Curt Cignetti kutoka James Madison, chuo kidogo, na yeye akaja na wachezaji 13 kutoka hukohuko. Watu wakacheka, eti analeta watoto wa mtaani kwao kwenye ligi ya wakubwa. Lakini wale vijana walikuwa wanamjua, wanajua mazoezi yake, wanajua akikunja uso anamaanisha nini. Msimu wa 2024 wakashinda 11 na kupoteza 2. Msimu wa 2025 akaongezeka Fernando Mendoza, kwotabeki aliyehama kutoka California. Akachukua Heisman, na Indiana wakamaliza 16 bila kufungwa, mabingwa wa taifa. Indiana, jamani!

Upande wa pili ni Florida State. Mwaka 2023 walishinda mechi 13 mfululizo kabla ya kufungwa ile ya mwisho, na nguzo kadhaa za timu walikuwa waliohamia. Kila mtu akasema kocha wao ana jicho. Mwaka 2024 jicho ni lilelile, wakaleta wengine, akiwemo kwotabeki DJ Uiagalelei, hicho kikiwa chuo chake cha tatu. Wakashinda mechi 2, wakapoteza 10. Msinielewe vibaya, simtupii mzigo mtu mmoja. Yeye mwenyewe aliumia mkono baada ya mechi tano, na timu nzima ilikuwa imeshaparaganyika. Ninachosema ni kwamba lile jicho la 2023 lilisaidiwa na muda. Jordan Travis, kwotabeki wao wa mwaka ule mzuri, alihamia tangu 2019. Alikuwa ameshakula nao ugali miaka minne! Sisi tuliona matunda tukadhani ni mbegu ya juzi.

Mshikaji wangu akarukia hapohapo: "Si unaona? Wa chuo cha tatu kafeli. Nilikwambia tabia!" Hapana kaka. Hapo ulichokiona ni kutoendana, wewe ukakipa jina la tabia. Ndiyo kosa lenyewe hilo.

Neno "tabia" kwenye usajili ni kama gunia. Humo ndani tunatia mambo matatu yasiyofanana hata kidogo, kisha tunafunga kamba na kusema gunia linanuka.

La kwanza ni kuhama kwenyewe. Jayden Daniels alipoondoka Arizona State mwaka 2022, wenzake walijirekodi wakikwangua kabati lake na kumcheka. Msaliti. Akaenda LSU, mwaka 2023 akachukua Heisman. Sasa niambieni, kocha akihama anaitwaje? Novemba 2021 Lincoln Riley aliondoka Oklahoma akaenda USC. Yeye tulisema kapata kazi nzuri. Kwotabeki wake, Caleb Williams, akamfuata, na mwaka 2022 akashinda Heisman hukohuko. Mkubwa akihama ni maendeleo, mdogo akihama hana uaminifu? Nyani haoni kundule. Kuhama si tabia mbaya. Kunakupa swali la kuuliza tu: umeondoka kwa nini?

La pili ni makosa ya ujana. Cam Newton alikuwa Florida, na Novemba 2008 alikamatwa kwa kesi ya laptopu ya wizi. Akapewa programu maalumu ya mahakama, akaimaliza, mashtaka yakafutwa. Akaenda Blinn, chuo kidogo cha miaka miwili Texas, mahali ambapo hakuna kamera za kukusifia, akashinda ubingwa wa vyuo vya aina hiyo mwaka 2009. Auburn wakamchukua. Mwaka 2010 wakashinda mechi zote 14, ubingwa wakabeba, na Heisman juu. Katikati ya msimu likaibuka lingine, kwamba baba yake aliwahi kuomba hela chuo kingine ili mwanae aende huko. NCAA wakachunguza, wakasema hawana ushahidi kwamba kijana alijua. Mnaona? Ukisema tu "ana matatizo ya tabia" umechanganya kosa lake, adhabu aliyoimaliza, na kosa la baba yake. Vitu vitatu, gunia moja.

La tatu ndilo zito, na hapa mimi na mshikaji tulikubaliana mara moja tu usiku mzima. Kuna kosa lililomdhuru mtu mwingine. Mei 2015 ligi kubwa ya kusini, SEC, ilipitisha kanuni ya kuzuia vyuo vyake kuwapokea wanaohama baada ya kufukuzwa kwa makosa mazito, ukatili wa kijinsia na wa majumbani ukiwemo. Walifika hapo baada ya chuo kimoja kumchukua mchezaji aliyekuwa ametimuliwa na chuo kingine cha ligi hiyohiyo kwa tuhuma za kumpiga mwanamke, naye akakamatwa tena kwa tuhuma kama hizo ndani ya miezi michache. Mwaka 2017 chuo cha Indiana nacho kikajiwekea kanuni yake ya namna hiyo.

Makocha hupenda kusema hapo, "kila mtu anastahili nafasi ya pili." Neno tamu, na mimi naliamini. Ila hebu tuulize, hiyo nafasi ya pili inalipwa na nani? Kocha akikosea anapoteza mechi, pengine kazi, na analipwa fidia nene akiondoka. Lakini mchezaji halali ofisini kwa kocha. Analala bwenini. Yule dada wa chumba cha jirani, anayerudi maktaba saa nne usiku, hakuulizwa kama yuko tayari kubeba hiyo hatari. Ukarimu wa kutumia usalama wa mtu mwingine si ukarimu. Aliyeumiza watu anaweza kupata nafasi ya pili ya kusoma na kufanya kazi. Nafasi ya kushangiliwa na watu elfu themanini jukwaani haimo kwenye haki za binadamu.

Kwa hiyo mimi ningekuwa kocha, ningelifungua gunia na kuuliza maswali matatu. Alifanya nini hasa, siyo watu wanasemaje? Alimfanyia nani? Na tangu hapo amefanya nini ambacho hakuna aliyekuwa akimtazama? Na majibu nisingemuuliza yule kocha aliyeachwa tu, maana ana uchungu. Ningemuuliza daktari wa timu, mshauri wake wa masomo, mama wa jikoni. Watu ambao kijana hana cha kupata kwao akiwa mwema. Wiki mbili zinatosha kabisa kupiga simu hizo.

Mtasema huyu mwalimu mpira wa Marekani unamhusu nini. Ngoja niseme ukweli. Nilipokwenda mazoezi ya kufundisha mwaka jana, kidato cha pili alikuwepo kijana aliyehamia katikati ya muhula. Siku ya kwanza tu, ofisini kwa walimu, nikaambiwa, "Yule uwe naye makini, ana rekodi huyo." Sikuuliza rekodi gani. Nilimkalisha nyuma. Wiki tano simuulizi swali hata moja darasani. Wiki ya sita nikasahihisha daftari lake la jiografia, likawa safi kuliko yote, nikamuita. Kumbe alihama kwa sababu mama yake aliugua, ikabidi akaishi kwa bibi yake. Rekodi yenyewe ilikuwa utoro, na utoro wenyewe ulikuwa zamu za hospitali.

Nilimwomba radhi. Akasema, "Hamna shida mwalimu." Hiyo "hamna shida" mpaka leo inanikera.

Mshikaji kaamka sasa hivi, nimemsomea haya yote. Kanisikiliza mpaka mwisho, akajigeuza ukutani, akasema, "Sawa. Lakini chuo cha tatu ni kingi." Jamani, huyu ndiye naishi naye!

Haya, naenda kuwahi uji kabla haujaisha. Mitihani inakaribia, tuombeane. Tusome, tusije tukahama chuo bila kupenda.